Uzi: Neno NYARA, lijue kabla hujaweka dole gumba kwenye karatasi ya maelezo

Mleta uzi

Mbukwenyi wakuu. Nina jambo nimekaa nalo miaka kadhaa sasa na leo nimeamua niliandike lote, ni refu kwahiyo kama uko kwenye daladala hifadhi usome ukifika nyumbani.

Ni kuhusu neno moja tu, NYARA. Wengi wetu tunalijua kwenye taarifa ya habari, ndege imetekwa nyara, meli imetekwa nyara huko Somalia. Muulize mama yeyote pale soko la Majengo nyara ni nini atakwambia ni mambo ya kuteka watu, na hajakosea maana ndivyo tulivyolisikia tangu utotoni. Sasa kuna nyara nyingine, iko kwenye sheria ya wanyamapori, na hiyo ndiyo inawapeleka watu jela huku kwetu kanda ya kati, Manyoni, Chemba, Kondoa, kote kunakopakana na mapori ya akiba. Unakuta mtu anakamatwa nayo mkononi na hajui kwamba alichoshika kinaitwa hivyo.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ni mtu wa ngoma. Kijiji chao kiko wilaya ya Manyoni, ukishuka kusini zaidi ndo unakwenda kwenye mapori ya Muhesi na Kizigo. Babu alifariki 2017 akaacha tembe lake, ile nyumba yetu ya udongo yenye paa bapa kwa wale msioijua, na kwenye boriti la juu kulikuwa na pembe ya tandala. Pembe moja, imejisokota, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi, karibu na ncha imechongwa tundu dogo la kupulizia na mdomo wa tundu umelainika kabisa kwa kupulizwa. Babu alikuwa anaipaka samli kila baada ya mavuno ili isipasuke, kwahiyo ukiishika inanuka moshi na samli. Sisi wajukuu tumekua tunaiona pale juu, ikipulizwa jioni unajua leo kuna ngoma. Nani aliua huyo tandala, mwaka gani, hakuna aliyewahi kuuliza.

2019 kikundi cha mjomba kikaalikwa kwenye sherehe huku Dodoma mjini. Akaifunga ile pembe kwenye kanga ya bibi, akaitia kwenye kiroba pamoja na kayamba na njuga, akapanda basi. Njiani kuna kizuizi, mizigo ikashushwa ikakaguliwa. Wakamuuliza hii nini, akasema pembe. Ya nani? Ya marehemu baba. Una kibali? Kibali cha nini tena? Yule askari akamwambia mzee hii ni nyara ya serikali. Mjomba akaruka, akasema kwa sauti mbele ya abiria wote, MIMI SIJATEKA MTU!

Abiria wakacheka. Wakuu mimi sikuwepo lakini kile kicheko nimekisikia kila alipokuwa anatusimulia, na kinaniuma mpaka leo, kwa sababu mtu mzima wa miaka hamsini na kitu anajitetea kwa kosa ambalo hakuna aliyemtuhumu nalo, alafu lile analotuhumiwa nalo hata halijui jina.

Jioni akaandikishwa maelezo. Imeandikwa kwa Kiswahili safi tu, "nilikutwa na nyara ya serikali bila kibali". Akasomewa, akaulizwa ni kweli, akasema kukutwa nimekutwa, akaweka dole gumba. Alipokuja kutueleza baadae akasema yeye alielewa hivi, kwamba nyara ni mali ya kuporwa, na kama ni ya serikali basi labda zamani hiyo pembe iliibiwa kwenye ofisi fulani ya serikali, kwahiyo akawa anawaza moyoni kumbe baba alikuwa mwizi. Amekaa mahabusu miezi kumi na minne anawaza kwamba baba yake alikuwa mwizi.

Aliachiwa. Hati ya ukamataji iliandikwa pembe mbili, mahakamani ikaletwa moja, hakimu akasema vielelezo havieleweki. Namshukuru Mungu ametoka, ila kosa la kuandika namba siyo njia ya kumtegemea mtu atoke nayo jela, ndo maana naandika huu uzi. Naendelea chini.

Mleta uzi

Haya, twende kwenye neno lenyewe.

Nyara ya asili ni kile unachokitwaa kwa nguvu vitani, ng'ombe, nafaka, vyombo. Watu waliokamatwa tunawaita mateka, vitu tunaviita nyara. Wale wa kanisani mnaisikia kila Ijumaa Kuu kwenye Isaya 53 mstari wa 12, "atagawanya nyara pamoja nao walio hodari". Hapo hakuna pembe wala ngozi, ni mali ya mshindi. Kuteka nyara kumetokea hapohapo, unaikamata ndege na watu wake unaifanya ngawira yako.

Alafu wawindaji wakalichukua. Na ina mantiki ukiangalia, maana mtu katoka porini kapambana na nyati karudi na pembe, ile pembe ni alama ya ushindi kama mali ya vitani. Wazungu nao kwao ni hivyohivyo, neno lao moja linabeba pembe ya ukutani na pia kombe la mpira, sisi tukagawa, la mpira tukaliita kombe na la porini tukaliita nyara. Maofisini utasikia wengine wanasema trofi tu.

Kwa hiyo mpaka hapo ukisikia uwindaji wa kitalii wanasema nyara wanamaanisha hicho, mgeni kalipia kwenye kitalu cha uwindaji, yuko na mwindaji bingwa wake, anatafuta dume lenye pembe nzuri akatundike kwake. Huko kuna vipimo kabisa, tembo lazima jino lifike kilo 20 au urefu wa sentimita 160, simba awe dume wa miaka 6 kwenda juu. Hiyo ndo maana ya pili.

Maana ya tatu ndiyo ile iliyomkuta mjomba. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, sheria namba 5, imelitanua hili neno mpaka limefika mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kulifikiria. Ukisoma tafsiri yake nyara ni mnyama mwenyewe, akiwa hai au amekufa, na pembe, jino, mfupa, ukucha, kwato, ngozi, nywele, unyoya, yai, au sehemu yoyote nyingine ya mnyama, na pia kitu kilichotengenezwa kutokana na hivyo. Rudia kusoma mkuu. Unyoya. Yai. Nywele. Hakuna mahali imesema lazima kiwe kizuri cha kutundika ukutani, wala imesema lazima uwe umekiua wewe.

Sasa "ya serikali" inatoka wapi. Sheria hiyohiyo inasema wanyamapori wote ni mali ya umma na wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwahiyo mnyama akiuawa bila leseni, au akikutwa amekufa mwenyewe porini, au hata ukimuua kwa kujitetea kaingia zizini anakula mbuzi wako, kilichobaki kinakuwa nyara ya serikali. Hii ya mwisho wafugaji wa Manyoni na Itigi naomba muisikie vizuri. Kumuua simba aliyekuja kukuua wewe au kula mifugo ni kujitetea, toa taarifa utaeleweka, lakini kucha na ngozi siyo zako, ukizibakiza nyumbani umehama kutoka kwenye kujitetea umeingia kwenye kumiliki nyara.

Mchangiaji, Kondoa

Mkuu umenigusa, sisi huku tumezungukwa na mapori ya akiba, huku Swagaswaga huku Mkungunero. Mimi naongeza kitu kimoja, watu wanadhani wanaofungwa ni majangili wa meno ya tembo tu. Siyo kweli. Kijijini kwetu mzee mmoja alikutwa na paja la swala, ni nyama ya kula na watoto, mashtaka yameandikwa nyara. Yeye mwenyewe anaita kitoweo.

Mleta uzi

Asante sana mkuu na hapo ndo penyewe. Ebu chukua hilo paja moja. Babu akisimulia jinsi alivyolipata anasema MAWINDO. Mama akiliweka kwenye sufuria ni KITOWEO. Likiuzwa kwenye bucha lenye leseni, maana kuna kanuni za mabucha ya nyamapori za 2020, linaitwa NYAMAPORI. Likikutwa kwenye ndoo yako bila karatasi ni NYARA. Nyama ni ileile, chumvi ileile. Kinachobadilisha jina ni karatasi, kwahiyo ukinunua kwenye bucha shika risiti yako na usiitupe mpaka nyama iishe, kama unasafiri nayo ndo kabisaa.

Na hilo neno mawindo wengi wanalichanganya pia. Mawindo ni kile kinachowindwa na pia ndiyo shughuli yenyewe, "wameenda mawindoni". Kuwinda ni jina la jumla, ndani yake kuna kunyatia, unamfuata mnyama kimyakimya upepo ukiwa usoni kwako asikunuse, kuna kuotea, unakaa kwenye maji au kwenye chumvi unamsubiri aje mwenyewe, kuna kusaka na mbwa, na kuna kutega. Ukienda Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia 2006, unakuta tembo, twiga, pofu na watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu kwenye mwamba. Majirani zao Wasandawe wa kule Chemba wameishi kwa upinde na mshale vizazi na vizazi. Nasema hivi ili tuelewane, watu wa kanda ya kati hawakuanza kuishi na wanyama jana na maneno ya kuwinda tunayo mengi, ila hili moja la sheria hatukulizoea, limetufikia limeshaandikwa.

Mchangiaji

Mkuu hapo kwenye bei nieleweshe, nilisikia kesi moja mtu ana kipande cha ngozi ya twiga alafu wanasema thamani ni mamilioni. Kipande kile hakitoshi hata kutengeneza viatu.

Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Hawathamini kipande, wanathamini mnyama mzima aliyekufa ili hicho kipande kipatikane. Afisa wanyamapori anajaza hati ya tathmini ya nyara, anatumia bei za wanyama zilizopangwa kwa dola. Tembo kwenye kesi nyingi amehesabiwa dola 15,000, twiga hivyohivyo 15,000, pundamilia 1,200, nyumbu 650, swala pala 390. Kwahiyo mkia mkavu wa twiga wa kutengenezea usinga unahesabiwa kama twiga mzima amesimama pale mahakamani. Na kwa akili ya uhifadhi ni sahihi, maana hakuna twiga anayekatwa mkia akaendelea kutembea, ila mwananchi anaona mkia tu na anapima kosa lake kwa ukubwa wa mkia.

Thamani ndiyo inayoangaliwa kwenye adhabu. Kesi hizi mara nyingi zinafunguliwa kama uhujumu uchumi, zinahitaji ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na kifungo tunachokisikia kila mara ni miaka 20, sheria inaruhusu mpaka 30. Miaka 20 mkuu. Mtoto uliyemwacha anatambaa unamkuta ana watoto.

Mchangiaji, Bahi

Na mimi niulize, vipi kuhusu kakakuona? Kwetu akionekana ni neema, wazee wanamletea uwele, maji, mkuki, jembe, anachokigusa ndicho mwaka huo utakavyokuwa. Akigusa maji kuna mvua. Mwaka juzi alionekana kijiji cha jirani watu wakajaa mpaka barabara haipitiki. Huyo naye ni nyara?

Mleta uzi

Ndiyo mkuu, akiwa hai ni nyara, magamba yake ni nyara, hata gamba moja.

Hii mila naipenda sana na siisemi vibaya hata kidogo, bibi yangu alinipeleka kumuona kakakuona nikiwa darasa la pili na nakumbuka alivyokuwa anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayeomba msamaha, watu wazima wote kimya. Wazee wa zamani walikuwa wanamtazama alafu wanamrudisha porini, hakuna aliyeng'oa gamba. Siku hizi tatizo wanaokuja siyo wote wamekuja kutazama mvua. Kakakuona wamepigwa marufuku kabisa kwenye biashara ya kimataifa kwa uamuzi wa mkutano wa 2016 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa sababu wanakamatwa kupita kiasi kwa ajili ya magamba, na gamba lenyewe ni kitu kilekile cha kucha zako za mkononi, halina dawa yoyote. Akionekana kijijini wapigie maofisa wanyamapori, wazee wafanye yao wakiwepo maofisa, arudi porini. Asikae kwenye ndoo nyumbani kwa mtu usiku mzima, hapo ndipo kesi inapozaliwa.

Na vilevile kobe wa uani, tumbili wa kufungwa kamba, mayai ya kanga wa porini ambayo watoto wanaokota mashambani masika, unyoya wa mbuni kwenye kofia ya ngoma, miiba ya nungunungu. Tuwaambie watoto wetu.

Mchangiaji

Samahani mleta uzi lakini unawatetea majangili kwa maneno laini. Sheria kali ndiyo imewabakiza tembo. Bila hiyo miaka 20 wangeisha.

Mleta uzi

Mkuu wala huna haja ya kuomba samahani, na nakubaliana na wewe kwenye tembo. Nimesoma historia hii, serikali ilifunga uwindaji wote kuanzia 1973 mpaka 1978, ikaja Operesheni Uhai ya kusaka majangili 1989, na mwaka huohuo dunia ikapiga marufuku biashara ya pembe za ndovu. Sina huruma na mtu anayekwenda na bunduki ya kivita pori la Rungwa kuua tembo wa watoto wetu. Afungwe.

Lakini pia tusisahau Operesheni Tokomeza ya 2013, nayo ya kusaka majangili. Ilianza kwa nia nzuri, ikaishia na malalamiko ya wananchi kuumizwa, Bunge letu hapahapa Dodoma likajadili, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakatoka. Tangu hapo huku vijijini ukitaja neno nyara watu wanaogopa hata kuuliza. Mtu akikuta pembe kwenye tembe la marehemu baba yake hasemi, anaificha zaidi. Unaona sasa hasara ya kutolijua neno? Mwenye nia njema anaficha, na anayeficha anaonekana jangili. Mimi nataka sheria ibaki kali, na nataka kila mtu anayeishi kando ya pori aijue tafsiri yake kabla haijamkuta, isomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa majina ya vitu tunavyovijua, usinga, pembe ya ngoma, ngozi ya kukalia, yai, gamba. Ukisema "nyara" peke yake mtu anawaza utekaji.

Na isiwe kisingizio kwamba ni lugha. Mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo jema sana, lakini maelezo ya mjomba yaliandikwa kwa Kiswahili na hakuyaelewa. Yule aliyekuwa anaandika angeongeza sentensi moja tu, "nyara maana yake hii pembe uliyoibeba", mjomba angejibu tofauti kabisa. Angesema ni ya baba, ilikuwepo kabla sijazaliwa, inapulizwa kwenye ngoma, mashahidi ni kijiji kizima. Hayo yote hayamo kwenye karatasi. Kilichomo ni "kukutwa nimekutwa".

Mchangiaji, msaidizi wa kisheria

Naomba nichangie kwa upande wangu maana hizi kesi naziona. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa kosa kwa namna anayoielewa, na anaweza kusema "sielewi neno hili, nielezee", siyo ukaidi. Hati ya ukamataji mali asome au asomewe kitu kwa kitu, idadi, rangi, kabla ya kusaini. Na kama ni nyama, kwa vile inaoza, inatakiwa ipelekwe kwa hakimu iagizwe iteketezwe, na mtuhumiwa awepo pale na asikilizwe. Hili liko kwenye maagizo ya jeshi la polisi, PGO namba 229, na Mahakama ya Rufani imeshautupa ushahidi wa namna hii kwenye kesi zaidi ya moja kwa sababu mtuhumiwa hakushirikishwa. Wengine wameachiwa wakiwa wameshatumikia miaka.

Mleta uzi

Ubarikiwe sana mkuu, hicho ndicho nilikuwa natafuta mtu wa kukisema. Na niongeze kwamba kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo mawilayani, sisi tulikuja kujua wakati mjomba ana miezi tisa ndani. Mama alikuwa ameshauza ng'ombe watatu kwa ajili ya nauli za kwenda na kurudi mahakamani, kesi inatajwa inaahirishwa, inatajwa inaahirishwa, unatoka asubuhi na chakula kwenye hotpoti unarudi nacho.

Mchangiaji

Mimi niko Dar ila nyumbani ni Mpwapwa, bibi ana ngozi ya chui amerithi kwa baba yake ambaye alikuwa mtemi. Nimesoma hapa nimetoka jasho. Nifanyeje, niichome?

Mleta uzi

Usichome mkuu, na usiibebe. Hayo mawili ndo ya kwanza. Usimtume mtu aje nayo Dar kwenye basi, na usimwambie bibi aizike shambani.

Anza na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, waambie kuna kitu cha urithi, waone kilipo bila kukihamisha. Alafu kupitia wao wasiliana na afisa wanyamapori wa wilaya aje nyumbani. Kila hatua iandikwe, tarehe, nani alikuwepo, mbaki na nakala. Kabla ya yote hayo kama unaweza ongea na wakili au msaidizi wa kisheria awepo siku hiyo. Kuna watu wanamiliki nyara kihalali, wana hati ya umiliki, na waliowinda kwa leseni wana karatasi zao, kwahiyo kwanza tafuta kwenye sanduku la huyo babu mtemi, watemi wengine walikuwa na vibali vya enzi za mkoloni na wazee wetu hawatupi karatasi. Sheria ya 1951 ilikuwa na leseni, ya 1974 ilikuwa na leseni. Ukipata hata kipande kilichotafunwa na mchwa kihifadhi.

Bibi muelezeni taratibu. Mueleze kwamba hajaiba na baba yake hakuiba, hilo lisemwe mapema kabisa, mimi najua linavyomkaa mtu moyoni.

Mchangiaji, Kondoa

Mleta uzi umesahau kutwambia, ile pembe ya babu ikaishia wapi?

Mleta uzi

Haikurudi mkuu. Mjomba aliachiwa ila pembe ilibaki serikalini, na hapo hakubisha, alisema alichokuwa anakitaka ni hakimu aseme wazi kwamba haijaibiwa. Hakimu hakusema hivyo, alisema tu upande wa mashtaka haujathibitisha.

Bibi aliomba ile kanga iliyofungiwa pembe, akapewa siku hiyohiyo.

Kikundi sasa wanatumia pembe ya ng'ombe, yule dume mweupe wa babu aliyechinjwa kwenye arobaini, mjomba kaitoboa tundu mwenyewe kwa chuma cha moto. Sauti yake ni nyembamba na fupi, haifiki ng'ambo ya mto kama ile ya kwanza, kwahiyo wakitaka kuanza ngoma inabidi watume na mtoto akaite watu wa kule.